"Utafiti Umethibitisha": Maswali Matano ya Kuuliza Kabla ya Kuamini Habari za Tiba

Katika matangazo ya dawa na huduma za afya, maneno mawili yana uzito kuliko mengine yote: "utafiti umethibitisha". Mwananchi huyasikia redioni asubuhi, huyasoma kwenye bango karibu na kituo cha daladala, na jioni huyapokea kwenye simu kutoka kwa ndugu anayemtakia mema. Mwenye mgonjwa nyumbani hupata matumaini, na mwenye matumaini ni rahisi kufungua pochi.

Madhara ya kuyapokea maneno hayo bila kuyapima huja kwa njia mbili. Wapo wanaoacha dawa za shinikizo la damu au kisukari walizoandikiwa, wakatumia fedha za akiba kununua bidhaa iliyosifiwa kwa maneno ya kitaalamu. Wapo pia wanaokataa matibabu sahihi hospitalini kwa sababu walisikia kipande cha habari ya utafiti wa kweli bila kuelezwa sehemu iliyobaki. Wa kwanza ameamini kupita kiasi, wa pili amekuwa na shaka kupita kiasi, na wote wawili wanaweza kudhurika.

Makala hii inaeleza namna mtumiaji wa huduma za afya, asiye daktari wala mtakwimu, anavyoweza kuzipima habari za utafiti wa tiba. Tumechagua tafiti sita kutoka fani mbalimbali za tiba: moyo, malaria, mifupa, watoto na uzazi. Nne kati ya hizo zilihusisha hospitali za Afrika Mashariki, na wagonjwa walioshiriki walikuwa watu kama sisi. Kila utafiti unatupa swali moja au zaidi la kuuliza.

Swali la kwanza: Kilichopimwa ni nini hasa?

Mgonjwa anapokwenda hospitali hutaka mambo machache: asife, apone, maumivu yapungue, arudi kazini, amlee mwanawe. Hayo ndiyo matokeo yenye maana kwake. Tafiti nyingi, hata hivyo, hupima vitu vilivyo rahisi zaidi kupimika, kama vile kiwango cha kemikali fulani katika damu au mstari kwenye karatasi ya kipimo cha moyo. Vipimo hivyo vina faida, lakini kipimo kinaweza kuwa kizuri huku mgonjwa akizidi kuwa hatarini.

Mfano unaojulikana sana ulitokea Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980. Madaktari walifahamu kwamba mtu aliyepata mshtuko wa moyo, kisha moyo wake ukawa na mapigo ya ziada yasiyo na mpangilio, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Zilikuwapo dawa zilizoweza kuyatuliza mapigo hayo, na kipimo cha umeme wa moyo kilionesha wazi kwamba zinafanya kazi. Ilionekana jambo la busara kuwapa wagonjwa dawa hizo, na wengi walipewa.

Watafiti waliamua kuhesabu vifo badala ya kuhesabu mapigo. Wagonjwa 1,498, ambao mapigo yao yalikuwa yametulizwa na dawa, waligawanywa katika makundi mawili. Wagonjwa 755 walipewa dawa za enkainidi au flekainidi, na wagonjwa 743 walipewa vidonge vinavyofanana navyo lakini visivyo na dawa ndani. Baada ya miezi kumi kwa wastani, walikuwa wamekufa wagonjwa 63 katika kundi la dawa na 26 katika kundi lisilo na dawa. Dawa iliyosafisha mstari kwenye karatasi ilikuwa inaongeza vifo.

Kwa hiyo, unapoambiwa kwamba bidhaa fulani "hushusha", "husafisha" au "huimarisha" kitu fulani mwilini, uliza: je, wanaoitumia huishi muda mrefu zaidi? Je, hulazwa mara chache zaidi? Je, hupata nafuu wanayoihisi wao wenyewe? Iwapo jibu halipo, kilichothibitishwa ni mabadiliko ya kipimo tu.

Swali la pili: Walilinganishwa na nani?

Tuseme tangazo linadai kwamba watoto 91 kati ya 100 waliougua malaria kali walinusurika baada ya kutumia dawa fulani. Idadi hiyo inavutia, lakini haimwambii mzazi lolote mpaka ajue wangapi wangenusurika kwa dawa nyingine.

Mwaka 2010 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi tisa za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Watoto 5,425 waliolazwa kwa malaria kali walitibiwa ama kwa sindano za kwinini, iliyokuwa imetegemewa kwa miaka mingi, ama kwa sindano za artesunati. Katika kundi la kwinini walikufa watoto 297 kati ya 2,713, sawa na asilimia 10.9. Katika kundi la artesunati walikufa watoto 230 kati ya 2,712, sawa na asilimia 8.5.

Tazama jinsi ambavyo kila dawa, ikitazamwa peke yake, ingeweza kusifiwa. Kwa kwinini walinusurika watoto 89 kati ya 100, na mwenye kuiuza angeweza kuandika hivyo bila kusema uongo. Ni pale dawa hizo mbili zilipowekwa bega kwa bega ndipo ilipoonekana kwamba artesunati inaokoa maisha zaidi. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artesunati itangulizwe katika kutibu watoto wenye malaria kali.

Ulinganisho huo huwa wa haki pale wagonjwa wanapogawanywa kwa bahati nasibu, kama kupiga kura, bila daktari wala mgonjwa kuchagua kundi. Wagonjwa wakiachwa wachague wenyewe, huenda wenye nafuu au wenye fedha wakajaa upande mmoja, na tofauti itakayoonekana isiwe ya dawa bali ya watu.

Ulinganisho huo pia hutukinga na hila nyingine, ile ya mwili na fikra zetu wenyewe. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Houston, Marekani, kwa wagonjwa 180 wenye maumivu ya goti yatokanayo na kulika kwa gegedu. Wengine walifanyiwa upasuaji wa matundu madogo wa kukwangua na kusafisha ndani ya goti, wengine walisafishwa kwa maji tu, na wengine walichanjwa ngozi kisha wakashonwa pasipo kufanyiwa lolote ndani. Wote walikuwa wameridhia kushiriki huku wakijua kwamba huenda wangepata upasuaji wa kuigiza. Walifuatiliwa kwa miaka miwili. Waliofanyiwa upasuaji halisi hawakuwa na maumivu machache wala hawakutembea vizuri kuliko waliochanjwa ngozi pekee.

Hii ndiyo sababu ushuhuda wa mtu mmoja, hata akiwa mkweli kabisa, hautoshi kuthibitisha tiba. Anayesema "mimi nilipona" huenda amepona kweli. Lakini maumivu mengine hupungua yenyewe kwa muda, na mengine hupungua kwa sababu mgonjwa ameamini kuwa ametibiwa.

Swali la tatu: Punguzo hilo ni la wangapi kati ya wangapi?

Asilimia ni kitu cha kuangaliwa kwa makini. Mfanyabiashara akikuambia amepunguza bei kwa asilimia 20, huwezi kujua umeokoa kiasi gani mpaka ujue bei ya mwanzo. Ndivyo ilivyo kwa tiba.

Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa kuhusu wanawake waliotokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Ulihusisha wanawake 20,060 katika hospitali 193 za nchi 21, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda. Pamoja na matibabu ya kawaida, nusu yao walipewa asidi ya traneksamiki, dawa ya bei nafuu inayosaidia damu iliyoganda isiyeyuke mapema, na nusu walipewa sindano isiyo na dawa. Vifo vilivyotokana na kutokwa damu vilikuwa asilimia 1.5 kwa waliopewa dawa na asilimia 1.9 kwa wasiopewa.

Matokeo hayo yanaweza kuelezwa kwa namna mbili, zote za kweli. Mtu anaweza kusema kwamba dawa ilipunguza vifo vya kutokwa damu kwa takriban asilimia 19, yaani karibu moja ya tano. Anaweza pia kusema kwamba, kwa kila wanawake 1,000 waliotokwa damu kiasi hicho, dawa iliokoa takriban wanne. Namna ya kwanza hufanya faida ionekane kubwa. Namna ya pili ndiyo humwezesha mtu kupima faida dhidi ya gharama na madhara. Kwa dawa ya bei nafuu kama hiyo, kuokoa kina mama wanne kati ya elfu ni jambo kubwa. Kwa dawa ya mamilioni ya shilingi yenye madhara makali, hesabu hiyo hiyo ingehitaji mjadala mrefu zaidi.

Utafiti huo una funzo jingine. Dawa ilipotolewa ndani ya saa tatu tangu mama ajifungue, vifo vya kutokwa damu vilikuwa asilimia 1.2 badala ya 1.7. Ilipotolewa baada ya saa tatu, haikuonesha kupunguza vifo hivyo. Aidha, vifo vya sababu zote vikihesabiwa kwa pamoja, tofauti kati ya makundi hayo mawili haikuwa ya kutosha kitakwimu kuondoa uwezekano wa kubahatisha. Muuzaji asingetaja mambo hayo mawili, lakini daktari mwaminifu huyataja, kwa sababu yanamwonesha lini dawa inafaa na kwa tatizo lipi. Mwaka huo huo wa 2017 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa hiyo itolewe mapema, ndani ya saa hizo tatu.

Swali la nne: Walioshiriki walikuwa watu kama mimi?

Swali hili tunalipa uzito wa pekee, kwa kuwa kulikosea kunaweza kugharimu maisha ya mtoto.

Kwa miaka mingi ilikubalika duniani kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake haizunguki vizuri apewe maji mengi ya dripu kwa haraka. Ndivyo vitabu vilivyofundisha, ingawa tiba hiyo haikuwa imejaribiwa ipasavyo kwa watoto wa Afrika. Hatimaye ilijaribiwa Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto 3,141 waligawanywa katika makundi matatu. Mawili yalipewa maji mengi ya haraka, moja maji yenye albumini na jingine maji ya chumvi. La tatu halikupewa maji ya haraka, bali lilipata matibabu mengine yote pamoja na maji ya kawaida ya kumtunza mgonjwa.

Utafiti ulisimamishwa kabla ya kufikia idadi iliyopangwa, kwa ushauri wa kamati huru iliyokuwa ikifuatilia usalama wa watoto. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionesha kwamba ndani ya saa 48 walikufa asilimia 10.6 ya watoto waliopewa albumini, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa maji ya haraka. Kwa kila watoto 100, tiba iliyoaminika kuwaokoa ilikuwa imeongeza vifo takriban vitatu.

Mzazi anayesikia habari hiyo kwa kifupi anaweza kuhitimisha kwamba "dripu huua watoto", na akamzuia muuguzi asimwekee mwanawe anayeharisha. Hitimisho hilo ni la hatari kubwa. Watoto waliokuwa wanaharisha na kutapika kwa ugonjwa wa tumbo hawakuingizwa katika utafiti huo. Vilevile hawakuingizwa watoto wenye utapiamlo mkali, wala waliopoteza damu kwa ajali au kuungua moto. Mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuharisha anayahitaji maji, kwa mdomo au kwa mshipa kadiri mtaalamu atakavyoona, na kumnyima ni kumwacha afe kwa ugonjwa unaotibika.

Basi, kabla ya kuyachukua matokeo ya utafiti na kuyafanya yako, uliza: walioshiriki walikuwa na ugonjwa gani na umri gani? Walikuwamo wajawazito, wazee, au wenye magonjwa mengine kama mimi? Ni nani waliachwa nje?

Swali la tano: Je, tiba yenyewe inafika kwa mgonjwa kwa wakati?

Tumezoea kudhani kwamba maendeleo ya tiba ni dawa mpya au mashine mpya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 unatuonesha vingine. Ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ambamo wanawake 210,132 walijifungua kwa njia ya kawaida.

Hospitali zilizofuata utaratibu mpya ziliweka chini ya mama aliyejifungua shuka maalumu la plastiki lenye mfuko wenye alama za vipimo, ili damu inayotoka ionekane na ipimwe badala ya kukadiriwa kwa macho. Damu ikizidi kiasi kilichowekwa, wauguzi walianza mara moja hatua zote kwa pamoja: kukanda mfuko wa uzazi, kutoa dawa za kuubana, kutoa asidi ya traneksamiki, kuweka maji kwenye mshipa, kutafuta chanzo cha damu, na kumwita mtaalamu wa ngazi ya juu. Hatua hizo zote zilikuwa zikijulikana tangu awali.

Katika hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida, asilimia 4.3 ya wanawake walipata moja ya mambo matatu: kupoteza damu nyingi sana, yaani lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo ili kuzuia damu, au kufa kwa kutokwa damu. Katika hospitali zilizofuata utaratibu mpya ilikuwa asilimia 1.6. Sababu mojawapo inaonekana wazi: kwa utaratibu wa kawaida, takriban nusu tu ya waliotokwa damu nyingi walitambuliwa, ilhali kwa utaratibu mpya walitambuliwa zaidi ya tisa kati ya kumi.

Kwa familia inayojiandaa kupokea mtoto, funzo hapa ni kuuliza kuhusu huduma. Mnapohudhuria kliniki, ulizeni: damu inayotoka baada ya kujifungua hupimwaje hapa? Dawa za dharura zipo? Usafiri wa rufaa upo usiku? Maswali hayo yana faida zaidi kuliko kutafuta jina la dawa iliyosifiwa.

Unapokutana na tangazo

Tunashauri wananchi wajihadhari zaidi pale tangazo linapokuwa na dalili hizi:

- Linadai kutibu magonjwa mengi yasiyohusiana, kwa mfano kisukari, nguvu za kiume, saratani na vidonda vya tumbo, kwa bidhaa moja.
- Linasema "utafiti umethibitisha" bila kueleza nani alifanya utafiti, wapi, mwaka gani na kwa wagonjwa wangapi.
- Linategemea ushuhuda wa watu, tena waliopona tu. Waliotumia na wasipone hawasikiki.
- Linasema halina madhara yoyote. Kila kilicho na nguvu ya kutibu kina uwezekano wa kudhuru.
- Linamtaka mgonjwa aache dawa alizoandikiwa hospitalini.

Unapokuwa mbele ya daktari

Kumuuliza mtaalamu maswali si utovu wa adabu, ni haki ya mgonjwa. Mwulize kwa heshima: "Daktari, nikitumia dawa hii, nitarajie nafuu gani, na baada ya muda gani? Nisipoitumia, itakuwaje? Ipo njia nyingine?" Mweleze pia kila unachotumia, zikiwamo dawa za asili, hata kama unahofia atakulaumu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukisikia habari ya utafiti inayohusu ugonjwa wako, ichukue na umpelekee. Usibadilishe dozi wala kuacha dawa kabla ya kuzungumza naye. Na ukipata madhara uliyoyashuku kuwa yametokana na dawa, toa taarifa kituoni ulikoipata, au kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Unapoombwa kushiriki utafiti

Tafiti tulizozieleza zisingewezekana bila wagonjwa na wazazi waliokubali kushiriki, wengine katika saa ngumu kuliko zote maishani mwao. Nchini Tanzania, utafiti wa dawa kwa binadamu huhitaji kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ukiombwa kushiriki, una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa, kuuliza kuhusu hatari na faida, kukataa, na hata kujitoa baadaye bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida. Omba kuoneshwa kibali, na usitie sahihi karatasi usiyoielewa.

Sayansi ya tiba hujirekebisha. Dawa za mapigo ya moyo, upasuaji wa goti na maji ya haraka kwa watoto vilitumiwa na madaktari wenye nia njema, mpaka wenzao walipothubutu kuvipima. Ikiwa wataalamu wenyewe huuliza ushahidi uko wapi, nawe unayo haki ya kuuliza hivyo hivyo kabla ya kutoa fedha yako au kumnywesha mwanao dawa.